Saa Kumi na Nne za Duha

Aliyekitaka kile chuma alikuwa Bi Mwanarusi mwenyewe. Nasema mapema, maana mtaani wapo wanaosimulia kwamba mke wa mwanawe, Nabiha, ndiye aliyeingiza mambo ya kisasa ndani ya nyumba ile, na huo ni uongo mtupu. Nabiha alisitasita. Bassam, mumewe, alisema meno ya mtoto hujipanga yenyewe, mbona watu wana haraka. Bi Mwanarusi ndiye aliyesimama katikati ya ukumbi, mtandio umemwanguka mabegani, akamwambia mwanawe: "Wewe hujui. Mimi najua."

Na alijua kweli. Taya lake la chini lilitangulia mbele ya la juu tangu alipobadili meno ya utotoni, na mpaka leo, ana miaka sitini na mitatu, meno yake ya mbele hayajawahi kukutana. Uzi alikata kwa mkasi. Sambusa aliimega kwa vidole kwanza, kisha akaitia pembeni mwa mdomo. Shuleni walimwita Mwanakidevu. Posa ya kwanza iliyomjia, wanawake walikuja, wakanywa kahawa, wakamtazama usoni, wakasifu mapambo ya nyumba, na hawakuonekana tena. Katika picha ya harusi yake ameshika ukingo wa mtandio mbele ya mdomo, na kila anayeiona husema, angalia biharusi wa zamani alivyokuwa na haya. Haya gani! Alikuwa anaficha kidevu.

Sasa mjukuu wake, Duha, alipofika miaka tisa na meno ya ukubwani yakaanza kuota, yale ya juu yakajipanga nyuma ya yale ya chini. Bi Mwanarusi alimwona asubuhi moja anamega mkate kwa vidole vipande vidogo vidogo na kuutafuna kwa shavu moja. Hakuna aliyemfundisha. Roho ilimkata, akaacha chai yake ikapoa.

Basi wakaenda Ganjoni, kwa Daktari Eddah, mwanamke wa bara mwenye sauti ya chini, ambaye kazi yake ni kunyoosha meno na mataya ya watoto. Alimpiga Duha picha ya kichwa kwa ubavu, akaibandika penye mwanga, akawaonyesha.

"Kazi hii ina awamu mbili," alisema. "Ya kwanza ni ya mfupa, ya pili ni ya meno. Meno yatangoja, tutayafunga nyaya akiwa na miaka kumi na mbili, kumi na mitatu. Mfupa haungoji. Hili taya la juu limebaki nyuma. Maadamu mtoto anakua na mfupa bado laini, naweza kulipanua na kulivuta mbele. Angekuja ana miaka saba ningefurahi zaidi. Sasa tuna mwaka mmoja hivi."

"Na ukipita?" aliuliza Bi Mwanarusi.

"Ukipita, tutangoja aache kukua kabisa, afike kumi na saba au kumi na minane. Halafu ni upasuaji. Taya linakatwa, linasogezwa, linafungwa kwa vyuma ndani."

Bi Mwanarusi alimshika mjukuu wake mkono. "Mtie hicho chuma leo," alisema.

Chuma cha kwanza kilikuwa cha ndani, kimegandishwa kwenye kaakaa, na katikati kina skrubu ndogo ya kuzungushwa kwa kifunguo chembamba kama pini. Mara moja kila siku, kwa wiki tatu. Nabiha alijaribu siku ya kwanza, akalia yeye badala ya mtoto. Bi Mwanarusi akakichukua kile kifunguo. Kila siku baada ya Alasiri alimlaza Duha mapajani pake, akasema Bismillahi, akazungusha. Siku ya kumi akaona meno mawili ya mbele yameachana, pengo la kupitisha punje ya mchele. Yarabi! Alidhani amempasua mtoto kichwa. Akampigia daktari simu huku akitweta, na Daktari Eddah akacheka, akamwambia hiyo ndiyo dalili ya kwamba mfupa umekubali kufunguka, pengo litajifunga lenyewe. Basi ungemwona Bi Mwanarusi alivyojigamba! Wiki nzima kila mteja aliyeingia alionyeshwa lile pengo.

Alikuwa na wateja, ndio. Bi Mwanarusi aliuza udi, halwaradi na marashi hapo hapo ukumbini kwake Mji wa Kale, na nyumba ile ilikuwa haikauki watu. Likiisha jua kali, hodi ya kwanza, na mpaka Magharibi hodi hazikomi. Huyu ataka udi wa harusi, huyu amekuja kunusa tu, huyu hana haja na udi wala marashi, amechoka kukaa kwake.

Kisha kikaja chuma cha pili, na hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Hiki kilikuwa cha usoni. Kipande kimoja kilikaa kwenye paji la uso, kingine kwenye kidevu, na katikati fito mbili za chuma zenye upau mmoja uliopita mbele ya mdomo. Kwenye ule upau zilifungwa ringi mbili za mpira, zikaingia mdomoni na kunasa kwenye vindoano vya kile chuma cha ndani. Mpira ukivuta, na taya la juu linavutwa mbele, kidogo kidogo, kila saa, kila siku.

"Saa kumi na nne kwa siku," Daktari Eddah aliwaambia. "Nane hazitoshi. Atavaa saa kumi za alasiri, atavua saa kumi na mbili asubuhi aende shule. Avue kula na kupiga mswaki tu. Na kila siku mniandikie hapa." Akawapa karatasi yenye vyumba vya tarehe. Nabiha alifanya kazi ya ukarani kwa mawakala wa mizigo Kilindini na hurudi magharibi, Bassam usiku zaidi, kwa hiyo kalamu ilikaa kwa Bi Mwanarusi. Karatasi ikabandikwa mlangoni mwa friji.

Wiki ya kwanza, wallahi, kila kitu kilikwenda barabara. Duha alivaa, akafanya masomo yake, akacheka na chuma chake. Wiki ya pili akaja Bi Tima.

Bi Tima ni shoga wa Bi Mwanarusi tangu chuoni, tangu wako wadogo wanasoma juzuu moja. Mtu mzuri, mwenye moyo, ila ulimi hauna breki. Alipiga hodi, akakaribishwa, na Duha akatoka chumbani kumpa mkono kama alivyolelewa. Nyumba ile hakuna mtoto anayesimama mbele ya mtu mzima bila ya kumbusu mkono. Basi Duha akainama, na ule upau wa chuma ukamgonga Bi Tima penye vifundo vya vidole.

"Yallah!" Bi Tima akauvuta mkono. "Mwanarusi! Mtoto mmemtia lijamu? Kwani ni punda?"

Walikuwapo wateja wawili wengine, wakacheka. Bi Tima mwenyewe alicheka, hakukusudia baya. Duha akarudi chumbani mbio, na Bi Mwanarusi, huku akipima udi, akamsikia akilia nyuma ya pazia. Mikono yake ikapoteza hesabu, akaanza kupima upya. Sauti ile aliijua. Ni yeye yule, Mwanakidevu, miaka hamsini na kitu nyuma, nyuma ya pazia lile lile.

Walipoondoka wageni aliingia chumbani, akamfuta mtoto machozi, akamwambia maneno ambayo mpaka leo hutamani angeuma ulimi kabla ya kuyasema. "Basi mamangu, usilie. Mgeni akija, vua. Mpe mkono. Akienda, vaa."

Tena aliona amefanya la maana. Kwanza mtoto hatachekwa. Pili adabu iko pale pale, kwani atambusuje mtu mkono na nondo imeziba mdomo? Na kuvua kwa dakika mbili tatu kutaharibu nini?

Lakini dakika mbili tatu za nani, katika nyumba ya hodi? Saa kumi na robo, hodi, mama wa biharusi ataka udi. Hajatoka, hodi, jirani ameleta sahani iliyoazimwa. Kumi na moja, hodi, mtu na bintiye wamepita tu kusalimia, wakakaa mpaka adhana. Na mgeni akikaa, utamwambia inuka? Duha akajifunza upesi. Ikisikika "Ho" tu, hata "di" haijafika, ukucha wake umeshang'oa ringi mbili za mpira, chuma kimeshawekwa juu ya kabati kando ya chetezo, na mtoto amesimama mlangoni, uso mtupu, mkono mbele. Wageni walimsifu. Bi Mwanarusi alijaa fahari, na kila alipojaa fahari alisahau chuma.

Jua likizama alishtuka. "Vaa, vaa, mamako yuwaja." Nabiha akifika akamkuta mtoto amevaa, akaitazama karatasi ya friji, kumi na nne, kumi na nne, kumi na nne, akamshukuru mkwewe kwa kumbusu kichwani. Usiku Duha alilala na nyanyake, akisema kidevu chaniuma nyanya, joto nyanya, na Bi Mwanarusi kwa mkono wake mwenyewe alizifungua zile ringi. Asubuhi aliandika kumi na nne. Hakujiona mwongo. Aliandika kilichoamriwa, na moyoni alisema leo tumepunguza kidogo, kesho tutafidia.

Wakienda Ganjoni kila baada ya wiki sita, Daktari Eddah aliisoma karatasi, akapima meno, akakunja uso kidogo. "Inakwenda polepole," alisema. "Wengine huwa hivyo. Tuendelee."

Mwezi wa tisa tangu kianze kuvaliwa chuma cha usoni, daktari alitaka picha nyingine ya ubavu. Nabiha aliomba ruhusa kazini, wakaenda wote watatu. Daktari alizibandika picha mbili pamoja, ya zamani na ya sasa, akazipima kwa rula, akazipima tena. Bi Mwanarusi hakujua kusoma picha zile, ila kidevu alikiona. Cha picha ya pili kilikuwa mbele zaidi.

"Mwaka huu Duha amerefuka sana," daktari alisema. "Na taya la chini limekua naye. La juu halijasogea. Kidogo sana, kama halikuvutwa." Akamgeukia mtoto. "Duha, unavaa saa ngapi kwa siku?"

Duha alimtazama nyanyake. "Kumi na nne," alisema.

Daktari Eddah alikitwaa chuma mkobani, akaipapasa ile sponji ya kwenye kidevu. "Watoto wanaovaa, sponji hii huichakaza kwa miezi miwili, nawabadilishia. Yako ni ile ile niliyokupa siku ya kwanza, na bado mpya. Nambie tu, sikugombezi."

"Kumi na nne," alisema Duha, na sauti ikaanza kukatika. "Wallahi kumi na nne."

Mtoto wa miaka kumi, ameapa kwa Mungu, na ameapa kwa ajili yake. Bi Mwanarusi akauweka mkono wake juu ya ule wa mtoto.

"Mtoto asema uongo kwa sababu yangu," alisema. "Mimi ndiye niliyemvua. Wageni wakija namvua. Akilalamika usiku namvua. Na ile karatasi niliandika mimi."

Alimngoja Nabiha. Alitaka Nabiha apige kelele, ainuke, aseme we mama umenifanyia nini, umemfanyia nini mwanangu. Angetukanwa siku ile angeshukuru. Nabiha alikuwa ameshika ukingo wa meza mpaka vidole vimebadilika rangi. Kisha akashusha macho, kwa kuwa hajibu mkwewe na hajawahi kumjibu, akasema polepole: "Hakuna neno, mama. Usijitie uchungu."

Hakuna neno! Neno lilikuwapo, limejaa chumba kizima, na hakuna aliyeweza kulisema.

"Sasa tufanyeje?" Bi Mwanarusi alimwuliza daktari.

"Nawapa miezi mitatu," alisema Daktari Eddah. "Saa kumi na nne za kweli, kila siku, bila kukosa. Siwaahidi kitu. Mfupa umeanza kushikana na mtoto anakua haraka. Tukiona umesogea, tunaendelea. Usiposogea, tunaacha, tunangoja afike umri wa upasuaji. Nyaya za meno peke yake haziwezi kuuficha mfupa."

Duha aliuliza upasuaji ni nini. Nabiha akamshika mkono, akamwambia twende zetu.

Walirudi nyumbani kwa tuktuk. Nabiha aliwashusha mlangoni, akaendelea nayo kurudi Kilindini, na Bi Mwanarusi akamtazama mpaka tuktuk ikapinda kona. Ndani, akaketi akiikodolea macho saa ya ukutani. Ilipofika kumi kamili alimwita Duha, akamvika chuma kwa mikono yake, akanasa ringi ya kulia, akanasa ya kushoto, akavuta kuhakikisha.

"Sikiliza, mamangu," alisema. "Kuanzia leo hata aje nani, huvui. Aje sultani, huvui. Umesikia?"

"Nimesikia, nyanya."

"Na mkono usimpe mtu. Kaa pale pale ulipo, usalimie kwa mdomo tu. Mimi nitasema nao."

"Haya, nyanya."

Ya Rabi, hata moyo ulimtulia kidogo. Akaenda jikoni kuteleka kahawa. Huko jikoni alipiga hesabu ya miezi mitatu, siku tisini, alasiri tisini. Aliwaza atafunga biashara ya udi. Aliwaza atabandika karatasi mlangoni, aandike kuna mgonjwa. Katika Mji wa Kale ukiandika kuna mgonjwa ndio umewaalika wote, wataingia na uji na limau na dua. Aliwaza kufunga mlango kwa komeo, na watu watauvunja wakidhani amekufa. Kila njia aliyoiwaza ilikuwa na mgeni mbele yake.

"Hodi! Hodi humu ndani!"

Sauti ya Bi Tima. Bi Mwanarusi aliiacha birika motoni akakimbia, na magoti yake si ya kukimbia.

"Duha!" aliita. "Duha, usi—"

Duha alikuwa ameshafika mlangoni. Uso mtupu. Ameinama, midomo iko juu ya mkono wa Bi Tima. Juu ya kabati, kando ya chetezo, chuma kilikuwa kimelazwa vizuri, na ringi mbili za mpira zimepangwa juu yake ili zisipotee. Mtoto hakuasi. Alisikia hodi tu, na mkono ukaenda wenyewe, kama ulivyofundishwa kwa miezi minane.

"Msalkheri, Bi Tima. Karibu."

"Mashaallah, mashaallah!" Bi Tima alimshika mtoto mashavu. "Mwanarusi, hebu mtazame! Watoto wa leo hawainui macho kwenye simu, huyu amenijia mlangoni. Adabu ya wazee hii." Akamgeuza uso upande wa mwanga, akamtazama kwa ubavu, akacheka kwa mapenzi. "Na sura! Ni wewe mtupu, shoga. Ulipokuwa mdogo ulikuwa hivi hivi. Kidevu na yote."

Duha alimtazama nyanyake akitabasamu, akingoja kusifiwa, na meno yake ya chini yakatangulia mbele ya yale ya juu. Kisha akakumbuka. Tabasamu likamtoka, mkono ukapanda mdomoni, ukaziba.

Bi Mwanarusi alisimama kati ya jiko na ukumbi. Alikuwa na la kusema. Tima, inuka, nenda zako, usirudi nyumbani kwangu miezi mitatu. Maneno machache tu, na yalikuwa yameshafika ncha ya ulimi. Alimtazama shoga yake akijivua viatu mlangoni, akimwuliza habari za miguu yake, akitafuta mto wake ule ule wa siku zote wa kuegemea. Ilikuwa saa kumi na robo.

"Karibu, Tima," alisema. "Keti. Duha, mletee Bi Tima kahawa."